Mbwa kachanjwa, mbona kupe wanamuua? Maswali kuhusu chanjo za vimelea vya mbwa

Wiki haipiti bila mtu kuingia kliniki na mbwa aliyelegea, fizi nyeupe, mkojo wa rangi ya chai kavu, na mkononi kashika kadi ya chanjo iliyojaa stika. Kadi iko sawa. Tarehe ziko sawa. "Daktari, huyu kachanjwa kila kitu." Kweli kachanjwa, ila kinachomla hakimo kwenye ile kadi. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu jambo hilo, na majibu ninayoyatoa nikiwa na nafasi ya kukaa na mtu.

"Chanjo zote" ni zipi hasa?

Kwenye kliniki zetu maana yake ni kichaa cha mbwa, distempa, parvo, homa ya ini ya mbwa, na katika baadhi ya vichupa homa ya mgunda. Mgunda ni bakteria, waliobaki wote ni virusi. Homa ya kupe inayomfanya mbwa akojoe mkojo mwekundu huletwa na Babesia, kimelea cha chembe moja kinachoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Minyoo nayo ni vimelea, tena wanyama kamili, wengi wao wenye mdomo na utumbo. Hakuna stika hata moja kwenye kadi yako inayowahusu hawa.

Lakini alichomwa "chanjo ya minyoo" na kijana wa duka la dawa za mifugo.

Alichomwa dawa. Kwetu kila sindano ya mnyama huitwa chanjo, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Dawa inawaua waliomo mwilini wakati ule. Kesho kutwa akilala kwenye udongo wenye mabuu anaanza upya, kwa sababu mwili haukufundishwa chochote. Chanjo kazi yake ni kufundisha.

Na mara nyingi sindano hiyo huwa ni ivermectin ya ng'ombe. Ile chupa ya asilimia 1, mililita 1 yake ni dozi ya ng'ombe wa kilo 50. Kwa kijibwa cha kilo 3 utapima nini, na kwa bomba la sindano gani? Nimeshapokea mbwa waliopofuka na kutetemeka siku mbili kwa sababu mtu alikadiria kwa macho. Mbwa wa jamii ya Collie wengi wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo, na kwao hata kosa dogo la kipimo linaweza kuua. Tena haigusi tegu kabisa.

Kwa nini kichaa kimepatiwa chanjo na minyoo haijapatiwa?

Anza na ukubwa wa adui. Kirusi cha kichaa kina jeni 5 tu, na juu ya ganda lake kuna protini moja ambayo kinga ikiishika, kazi imekwisha. Leishmania, kimelea cha chembe moja kisichoonekana kwa macho, ana jeni zaidi ya 8,000. Ukimwonyesha mbwa protini moja kati ya hizo, umemwonyesha kidole cha mtu na kumwambia amtambue sokoni.

Halafu kuna kujificha. Babesia anakaa ndani ya chembe ya damu ya mbwa mwenyewe. Trypanosoma, anayeletwa na mbung'o, anaogelea kwenye damu hadharani, ila ana akiba ya makoti zaidi ya elfu. Kinga ikishamaliza kutengeneza kingamwili za koti la leo, yeye keshavaa jingine. Mwaka 1973 ilianzishwa Nairobi maabara ya kimataifa iliyoitwa ILRAD, kazi yake ikiwa kutafuta chanjo za magonjwa mawili ya mifugo: ndigana kali, na nagana, yaani ugonjwa unaoletwa na Trypanosoma. Maabara hiyo iliunganishwa kwenye ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, mwaka 1994, na mpaka leo hakuna chanjo ya nagana dukani, ya ng'ombe wala ya mbwa.

Sababu ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Mbwa aliyepona distempa haugui tena, kwa hiyo mtengeneza chanjo anajua kwamba njia ipo, kazi yake ni kuiiga. Mbwa aliyeugua safura mara kumi bado ana minyoo ya safura tumboni. Kinga yake inapunguza makali tu. Sasa wewe unataka umpite aliyemuumba.

Mbona ng'ombe wanachanjwa ndigana kali, na ile pia inaletwa na kupe?

Swali zuri, na mara nyingi huulizwa na wafugaji, si watu wa mjini. Ndigana kali huletwa na Theileria, kimelea ndugu wa Babesia, na chanjo yake ilibuniwa Muguga, Kenya. Ukiijua inavyotengenezwa utashangaa kwamba inafanya kazi. Kupe waliobeba kimelea wanasagwa, rojo linalopatikana linagandishwa kwenye naitrojeni ya maji, kisha ng'ombe anachomwa kimelea hai na, papo hapo, oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu upande wa pili wa shingo. Anaugua kidogo, dawa inamshikilia asife, na kinga inabaki miaka mingi. Ng'ombe wengi wenye hereni sikioni wa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania wamepitia hapo.

Kwa mbwa, njia hiyo ya kumwambukiza makusudi haijapata mtu wa kuithubutu kibiashara. Babesia rossi, ambaye ndiye mkali zaidi kusini mwa Sahara, anaweza kumwangusha mbwa mzima ndani ya siku chache. Wazungu wakapita njia nyingine. Ufaransa ilitoa chanjo ya Babesia ya mbwa katika miaka ya 1980, iliyoitwa Pirodog, iliyotengenezwa kwa uchafu ambao kimelea anautoa akikuzwa kwenye chupa za maabara. Baadaye ikaja Nobivac Piro, iliyochanganya uchafu wa Babesia canis wa Ulaya na wa rossi wa kwetu. Hizi hazikumzuia kimelea kuingia. Mbwa aliyechanjwa aliambukizwa vilevile, ila alipungukiwa damu kidogo na hakuzimia. Kwangu mimi hilo si jambo dogo, maana kinachoua wengi ni ule mshtuko wa mwili kuliko kimelea mwenyewe. Lakini mteja aliyelipia chanjo kisha akaambiwa mbwa wake "ana Babesia kwenye damu" haelewi hesabu hiyo, na simlaumu. Dukani kwetu sijawahi kuiona.

Nimesikia iliwahi kuwepo chanjo ya minyoo ya safura ya mbwa. Ni kweli?

Ni kweli, na ni hadithi inayostahili kukaa nayo.

Mwaka 1959, Chuo Kikuu cha Glasgow huko Uskoti kilitoa chanjo ya minyoo ya mapafu ya ng'ombe. William Jarrett na wenzake walichukua mabuu ya minyoo, wakayapiga miale ya eksirei kwa kiasi cha kuyalemaza bila kuyaua, wakayanywesha ndama. Mabuu yaliingia mwilini, yakaamsha kinga, yakafa kabla hayajawa minyoo wakubwa. Dozi mbili za mabuu 1,000, wiki nne katikati. Chanjo ya namna hiyo bado inatumika Uingereza hadi leo.

Mtafiti mmoja wa hapohapo Glasgow, Thomas Miller, akajiuliza kwa nini isiwe kwa mbwa. Akachukua mabuu ya Ancylostoma caninum, minyoo ya safura ya mbwa, akayapiga eksirei, akawachoma watoto wa mbwa chini ya ngozi mara mbili. Alipowaambukiza baadaye, kinga ilikuwa zaidi ya asilimia 90. Kwa chanjo ya minyoo hiyo ni namba ya kusimamisha mtu barabarani. Mwaka 1973 ikaanza kuuzwa Marekani, upande wa mashariki wenye joto na safura nyingi.

Mwaka 1975 ilikuwa imeondolewa sokoni.

Haikushindwa na minyoo. Ilishindwa na kila kitu kingine. Mabuu ni viumbe hai, kwa hiyo dozi ilikuwa na umri mfupi, haikai rafu moja na vichupa vingine miaka miwili. Kuyapata ilibidi kuwe na mbwa wenye safura wanaofugwa ili wanye mayai, mayai yaanguliwe, mabuu yasafishwe. Bei ikapanda. Wakati huohuo dawa za minyoo zilikuwa rahisi. Na la mwisho, ambalo nalisoma nikikunja uso: madaktari wenzetu walipima kinyesi cha mbwa aliyechanjwa, wakaona mayai machache, wakasema chanjo haifanyi kazi. Ilikuwa inafanya. Mbwa alikuwa na minyoo wachache na damu yake imetimia, badala ya minyoo mamia na kaburi. Sisi tumelelewa na chanjo za virusi, tumezoea ndiyo au hapana, na chanjo ya minyoo haijibu hivyo.

Si irudishwe basi, teknolojia imekua?

Watu wamejaribu, kwa kuacha mabuu hai na kutafuta protini moja inayoweza kutengenezwa kiwandani. Iliyonivutia zaidi ni kimeng'enya ambacho mnyoo hutumia kuyeyusha damu aliyokunywa. Ukimchanja mbwa kwa kimeng'enya hicho, damu yake inabeba kingamwili dhidi yake, mnyoo akinywa anazinywa na hizo, na tumbo linagoma. Mwaka 2005 kundi la mtafiti Alex Loukas lilichapisha majaribio ya mbwa kwa mtindo huo: mayai yalipungua na mbwa hawakupungukiwa damu kama wenzao. Wazo hilohilo, la kumlisha mnyoo kingamwili, ndilo lililozaa Barbervax, chanjo ya minyoo ya kondoo inayouzwa Australia tangu 2014.

Lakini mbwa aligeuka ngazi ya kupandia. Lengo la fedha hizo lilikuwa chanjo ya safura ya binadamu, na huko ndiko kazi ilikoelekea. Na huko nako walijikwaa. Protini nyingine, iliyofanya vizuri kwa wanyama, ilijaribiwa kwa watu wa Brazil waliowahi kuwa na safura, baadhi yao wakatokwa na vipele vya mzio mwili mzima. Miili yao ilikuwa inaifahamu protini ile tayari, na inaichukia kwa namna isiyofaa. Fikiria mbwa wetu, ambao wote wamezaliwa ndani ya safura. Chanjo yoyote itakayokuja itabidi ijaribiwe kwa hawa, si kwa mbwa wa maabara walioishi kwenye sakafu ya vigae pekee.

Kuna nchi yoyote inayochanja mbwa dhidi ya kimelea kwa sasa?

Ndiyo, dhidi ya Leishmania infantum, kuzunguka bahari ya Mediterania. Huko kimelea hiki huenezwa na usubi, na mbwa ndiye hifadhi yake kuu. Mbwa anayeugua hukonda, hunyonyoka kuzunguka macho, kucha hurefuka kama za ndege, mwisho figo zinakufa.

Ulaya iliidhinisha CaniLeish mwaka 2011: dozi tatu kwa wiki tatu tatu, kisha moja kila mwaka, na mbwa apimwe kwanza ahakikishwe hana maambukizi. Kipeperushi chake kilisema aliyechanjwa ana hatari ya kuugua iliyopungua mara 4. Mwaka 2016 ikafuata LetiFend ya Uhispania, sindano moja tu kwa mwaka. Mwaka 2022 ikaidhinishwa NeoLeish, inayodondoshewa puani na iliyotengenezwa kwa kipande cha DNA.

Brazil ndiyo iliyotangulia wote, na Leishmune, kazi ya Clarisa Palatnik de Sousa wa Rio de Janeiro. Serikali yao iliisimamisha mwaka 2014 ikisema masharti ya majaribio ya mwisho hayajatimizwa. Iliyobaki, Leish-Tec, nayo ilisimamishwa 2023 baada ya kukutwa na kiasi pungufu cha kiini chake. Kumbuka kwamba Brazil ilikuwa na sera ya kuua mbwa waliopimwa wakakutwa na kingamwili za Leishmania. Sasa wewe umemchanja mbwa wako, chanjo imemtengenezea kingamwili, na mpimaji anabisha hodi. Kwa hiyo swali la kwanza la chanjo ya aina hii, kabla hata ya kinga, ni kama kipimo kinaweza kumtofautisha aliyechanjwa na aliyeambukizwa.

Na hakuna hata moja kati ya hizi inayokuruhusu kumvua mbwa ule ukanda wa shingoni wa kufukuza usubi.

Je, zingesaidia kala-azar ya Baringo au Turkana?

Sidhani. Kala-azar ya Afrika Mashariki huletwa na Leishmania donovani, na husambaa hasa kutoka mtu hadi mtu kupitia usubi. Mbwa kwetu si mhusika mkuu.

Na tegu wa mbwa, yule wa vifuko vya maji?

Huyu ndiye ningeanza naye kama ningepewa fedha. Echinococcus ni tegu mdogo, milimita chache tu, na mbwa mmoja anaweza kuwa na maelfu bila dalili yoyote. Mayai yanatoka na kinyesi, kondoo anayala na majani, ini na mapafu yake yanaota vifuko vya maji. Nenda kwenye machinjio yoyote ndogo asubuhi na mapema, ukae upande wa nyuma. Utamwona mchinjaji anakata pafu, anakuta kifuko cheupe kimevimba kama jicho la ng'ombe, anakibandua kwa ncha ya kisu na kukirusha nyuma bila kugeuka. Mbwa hakiachi kiguse chini. Mtu naye akila mayai, kwa mikono au maji, vifuko vinaota ndani yake. Turkana ni kati ya sehemu zilizoumia zaidi duniani.

Chanjo ya mbwa imejaribiwa. Morocco na Tunisia walimnywesha mbwa bakteria aliyelemazwa, akiwa amebebeshwa protini za tegu. Majibu yalitia moyo, ila mbwa walikuwa wachache na hesabu zake zikatiliwa shaka na wataalamu wengine. Iliyofaulu ni ya upande wa pili. EG95, iliyotoka Chuo Kikuu cha Melbourne kwa Marshall Lightowlers na wenzake miaka ya 1990, huchanjwa kondoo, na kinga yake ilifika asilimia 95. China na Argentina wanaitumia. Yaani unamkinga mbwa kwa kumchoma kondoo: pafu halina kifuko, mbwa hana tegu, mtoto hana uvimbe tumboni. Kondoo ni rahisi zaidi kwa sababu ndani yake kimelea bado ni kichanga kinachopenya kwenye damu, ambako kinga inamfikia. Kwenye utumbo wa mbwa keshakuwa mtu mzima, yuko nje ya uwanja wa kinga.

Bila chanjo, mbwa hupewa praziquantel, dawa ya tegu, kila wiki 6 hivi, kwa kuwa tegu huyu huchukua takriban muda huo kuanza kutaga. Jaribu kumkamata mbwa wa mfugaji anayehama kila wiki 6.

Wanaojaribu chanjo hizi wanawatesa mbwa?

Sitakudanganya. Ili ujue chanjo inakinga, lazima mbwa fulani aambukizwe, na mwingine asiyechanjwa aambukizwe pia ili kulinganisha. Siku hizi kamati za maadili hudai idadi iwe ndogo iwezekanavyo na mbwa atibiwe anapofikia kiwango fulani cha ugonjwa. Hatua inayofuata, ya mbwa wenye wenyewe wanaoishi nyumbani kwao, ni ya heshima zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye ukweli zaidi.

Kwa hiyo kwa sasa nifanye nini?

Kadi yenye virusi iendelee, kichaa hasa: akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Minyoo, mtoto wa mbwa aanze akiwa na wiki mbili, arudie kila wiki mbili mpaka amalize wiki nane, halafu kila mwezi mpaka nusu mwaka, baadaye kila miezi mitatu. Mama anyweshwe pamoja nao. Kupe wapigwe vita kwa dawa inayomfaa mbwa, si ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki kwenye ndoo. Mkague kwa vidole kila jioni: ndani ya masikio, kati ya vidole vya miguu, chini ya mkia. Mapafu na maini mabovu ya machinjioni yachomwe au yafukiwe kwenda chini.

Mtoto wa mbwa ana wiki tatu, fizi nyeupe, choo cheusi kama lami. Nisubiri afikishe umri wa chanjo?

Mlete leo. Hiyo karibu kila mara ni safura aliyoinyonya kwenye maziwa ya mama, na hata ile chanjo ya Glasgow isingemuwahi. Mnyoo mmoja hunyonya kama sehemu moja ya kumi ya mililita kwa siku. Kijibwa cha kilo moja kina damu mililita 80 hadi 90 mwili mzima. Wakiwa minyoo 100, kwa siku wamekunywa 10. Mlete na mama yake, na ndugu zake wote, hata wale wanaoonekana wanene.